Mikono imebabuka na kuacha alama nyeusi: naombeni ushauri wa sosi ya saladi na wa kujikinga na jua hili la kaskazi

Mpishi wa Kigamboni

Habari za jioni wanajamvi. Nina mambo mawili na sina hakika kama yanahusiana, kwa hiyo mnivumilie niyaeleze yote kwa pamoja.

Natengeneza saladi za mchana na kuzipeleka maofisini Posta. Nilianza Novemba na mabakuli 8, sasa nafikisha 25 kwa siku. Joto hili la kaskazi limewachosha watu na wali nyama wa saa saba mchana, wanataka kitu cha baridi kisichowaletea usingizi: kabichi, karoti, tango, parachichi, maharage ya kuchemsha, yai. Sosi yangu ni ya ndimu, mafuta ya alizeti, kitunguu swaumu, chumvi na pilipili manga. Ndimu nakamua mwenyewe kwa mkono, 50 mpaka 60, nimekaa uwani kwenye kigoda kwa sababu jikoni hakukaliki. Nikimaliza nasuuza mikono kwa maji, napanga mabakuli kwenye deli, na saa nne na nusu niko kwenye kivuko, nimesimama juani na wenzangu mpaka Magogoni.

Wiki mbili zilizopita, siku ya Jumatano, niliamka mikono inawaka kama nimeshika sufuria. Ilipofika mchana malengelenge yalikuwa yameshatoka kati ya kidole gumba na cha shahada, mkono wa kulia, na mstari wa moto umeshuka kutoka kifundo cha mkono hadi karibu na kiwiko, umepinda kama njia ya maji. Sikuungua na mafuta, sikumwagikiwa chai. Malengelenge yamepasuka, pamebaki alama nyeusi tii kama nimepakwa masizi. Duka la dawa nililokwenda walinipa dawa ya fangasi, nimepaka siku 10 na hakuna kilichobadilika. Mteja mmoja aliitazama mikono yangu wakati nampa bakuli lake. Hakusema kitu, ila tangu kesho yake hajaagiza tena. Hilo limeniuma kuliko malengelenge yenyewe.

Sasa naomba ushauri.

Kwanza, ndimu zimepanda bei na nimezichoka. Kabatini nina siki nyeupe, mafuta ya alizeti, unga wa haradali, asali, ukwaju, karanga, tangawizi na sukari. Nilijaribu siki na mafuta tu, wateja wakasema inachoma koo, na mafuta yalielea juu kama kwenye supu. Nakosea wapi?

Pili, jua. Mimi ni mweusi na sijawahi kupaka kitu chochote cha jua maishani. Nimeambiwa losheni zile ni za watalii. Ni kweli?

Nawasilisha.

Kaka Kivukoni

Pole sana dada. Mimi nafikiri ni yule mdudu mwekundu na mweusi, mwembamba, ambaye ukimpangusa mwilini anaacha majimaji yanayobabua ngozi. Mwaka juzi alinipitia shingoni, nikawa na mstari hivyohivyo. Kagua taa za uwani usiku, wanapenda mwanga. Osha kwa sabuni na usikune.

Mrembo wa Sinza

Dada yangu usihangaike. Kuna krimu naifahamu, inachanganywa palepale dukani, siku saba alama zote zinaondoka na mkono unakuwa mweupe kabisa. Njoo faragha nikuelekeze.

Mfamasia wa Mtaani

Mrembo wa Sinza, naomba usimpeleke huko. Krimu ya kuchanganywa dukani inayong'arisha mkono kwa siku saba ni mkorogo, na mara nyingi ndani yake kuna hidrokwinoni, zebaki au steroidi kali, wakati mwingine zote kwa pamoja. Vipodozi vyenye hidrokwinoni na zebaki vimepigwa marufuku hapa Tanzania kwa sababu maalumu. Zebaki inapita kwenye ngozi inakwenda kuharibu figo. Steroidi kali ikitumika muda mrefu inakonda ngozi mpaka mishipa inaonekana. Halafu ngozi iliyochunwa namna hiyo haina tena ulinzi wake dhidi ya jua, na huyu dada anasimama juani kila siku. Alama itarudi nyeusi kuliko ilivyokuwa.

Dada Mpishi, kabla sijasema lolote kuhusu losheni naomba unijibu: kuna dawa yoyote ulikuwa unakunywa mwezi uliopita? Nauliza hasa kuhusu doksisaiklini, na vidonge vya presha vya kuongeza mkojo. Hizo zinaweza kuifanya ngozi isivumilie jua.

Mpishi wa Kigamboni

Hapana kaka, sijanywa dawa yoyote zaidi ya panado. Na mkorogo siutaki, mama yangu mdogo ulimharibu uso.

Kaka Kivukoni, mdudu huyo namjua, lakini mimi iko mikono yote miwili, na ule mstari ni mrefu sana.

Nesi wa Zamu

Dada, nimesoma maelezo yako mara mbili. Jibu umeliandika mwenyewe: ndimu 50, uwani, kusuuza kwa maji matupu, kisha kivuko saa nne na nusu.

Ndimu ina kemikali zinazoitwa furanokumarini. Ziko nyingi kwenye ganda kuliko kwenye maji yake, ndiyo maana anayekamua kwa mkono, ganda likipondwa kiganjani, anaumia zaidi ya anayeinywa. Zikikaa kwenye ngozi bila jua hazifanyi kitu. Lakini mionzi ya jua ya aina ya UVA ikizikuta pale juu, zinaamka na kuichoma ngozi kwa ndani. Sisi tunaita fitofotodematitisi, jina refu kwa jambo rahisi: mmea, mwanga, ngozi.

Kinachowachanganya watu ni muda. Huungui palepale. Inaanza kuonekana baada ya siku moja hivi na kukolea siku ya pili au ya tatu, wakati umeshasahau ulichoshika. Umesema uliamka Jumatano inawaka, basi tazama ulichofanya Jumatatu. Na ule mstari uliopinda ni njia ya maji ya ndimu yaliyotiririka ulipoinua mkono. Nimewahi kuona mtu mwenye matone mgongoni na mwingine mwenye duara mdomoni baada ya kufyonza ndimu ufukweni. Umbo la kidonda linafuata njia ya maji, si la fangasi wala la mzio. Hata asiye na mzio wa chochote inampata, iwapo maji ni mengi na jua ni kali.

Habari njema ni kwamba alama hizo si kovu. Zinafifia zenyewe, ila kwa ngozi zetu zinachukua wiki nyingi, pengine miezi, na zikipigwa jua tena zinakolea upya. Dawa ya fangasi acha. Pakitoka usaha, au ukipata homa, nenda hospitali. Na malengelenge yakitoka siku nyingine usiyapasue.

Ndimu si peke yake. Limau, seleri, na maziwa ya mti wa mtini nayo yana kemikali za jamii hiyo. Wateja wako wanaokula ndimu kwenye saladi hawana shida.

Mpishi wa Kigamboni

Dada Nesi, nimesoma jibu lako nimekaa chini. Kuna jambo sikuliandika kwa sababu sikujua kama linahusika.

Nina mtoto wa kiume wa miaka 3. Jumatatu ileile alikuja nilipokuwa nakamua, akajikwaa kwenye ndoo, nikamdaka begani kwa mkono uleule uliolowa ndimu. Hakuwa na shati. Nikamwachia, akaendelea kucheza uwani mpaka saa sita. Alhamisi nikimwogesha nikaona begani alama nne zimekolea, zimejipanga, na moja upande wa mbele. Ijumaa mwalimu wake wa chekechea aliniita pembeni akaniuliza kwa upole ni nani nyumbani anamshika mtoto kwa nguvu.

Nilirudi nikamuuliza mume wangu swali ambalo hakustahili kuulizwa. Hatukuongea siku tatu.

Sasa hivi mtoto amelala. Nimeweka kiganja changu juu ya zile alama, na kila kidole kimeingia mahali pake. Ni mkono wangu.

Nesi wa Zamu

Pole mama. Usijilaumu, hukuwa na namna ya kujua, na wewe si wa kwanza. Jambo hili linajulikana kwenye vitabu vya ngozi vya watoto, alama za vidole vya mzazi aliyeshika ndimu, na wapo wazazi waliohojiwa kwa kosa ambalo halikutendeka.

Fanya hivi. Mpeleke mtoto kliniki, umweleze daktari siku, ndimu na jua kama ulivyotueleza, umwombe akuandikie. Karatasi hiyo mpe mwalimu. Mwalimu alifanya vyema kuuliza, na atafurahi kujua. Mtoto mvalishe fulana yenye mikono anapocheza nje mpaka alama zififie. Hazitaki kusuguliwa wala kupakwa ndimu "kung'arisha", naandika hili kwa sababu kuna mtu atakushauri.

Kaka Kivukoni

Nimejifunza. Naondoa habari ya mdudu. Dada, ongea na shemeji usiku huuhuu.

Bibi wa Pangani

Wanangu, hayo ya hospitali yameshasemwa na wenye kujua. Mimi nije kwenye jiko.

Mpishi, kosa lako la kwanza ni vipimo. Siki ya dukani ni kali, si kama ndimu ambayo ina harufu yake na utamu kidogo nyuma yake. Siki ukiiweka sawa na ulivyokuwa unaweka ndimu itamchoma mtu koo. Chukua siki sehemu moja, mafuta sehemu tatu, na hiyo siki yenyewe uipunguze kwa maji kidogo.

Kosa la pili, mafuta na siki havipendani. Ukivikoroga vinaungana kwa dakika moja, ukigeuka vimeachana. Vinahitaji mshenga. Na mshenga unaye kabatini, ni haradali. Kiini cha yai nacho kinafanya kazi hiyo, lakini mimi yai bichi silipendi kwa chakula kinachosafiri juani.

Kwa mabakuli 25, kila bakuli vijiko viwili vya mezani, unahitaji karibu vikombe vitatu vya sosi, kikombe kile cha robo lita. Unga wa haradali kijiko kimoja cha mezani, uukande kwa maji ya baridi uache dakika 10. Usiukande kwa siki moja kwa moja, hautaamka, utabaki mchungu bila ule ukali wake mzuri unaopanda puani. Siki nusu kikombe, maji robo kikombe, chumvi vijiko viwili vya chai. Chumvi iyeyushe hapo kwenye siki kabla ya mafuta, kwa sababu kwenye mafuta haiyeyuki, itakaa chini na mteja wa mwisho ndiye atakayeila yote. Ongeza asali vijiko viwili vya mezani na ile haradali. Kisha mafuta ya alizeti vikombe viwili na robo, uyamimine kidogo kidogo kama uzi huku mkono wa pili unapiga kwa uma. Ukiwa na chupa ya jamu yenye mfuniko, tia kila kitu, funga, tikisa mpaka uone imekuwa rangi ya maziwa ya mtindi. Hapo imeshika.

Kitunguu swaumu kibichi tia asubuhi ya siku hiyo na sosi iishe siku hiyo. Usikiloweke kwenye mafuta ukakiacha kabatini kwa wiki. Ndani ya mafuta hakuna hewa, na kwenye joto la Dar sumu mbaya sana inaweza kuzaliana humo bila harufu wala rangi.

Hiyo ni sosi ya kwanza. Ile ninayoipenda mimi ni ya ukwaju, na nashangaa mnahangaika na ndimu wakati ukwaju uko kila duka.

Loweka ukwaju gramu 200 kwa vikombe viwili vya maji ya moto, dakika 20. Uvinyange kwa mkono mpaka kokwa ziachie, uchuje kwenye chujio la chai au kitambaa. Yale maji mazito uyachemshe dakika tano na kijiko kimoja cha tangawizi iliyopondwa, uyaache yapoe kabisa. Chukua karanga zilizokaangwa, zisagwe mpaka zitoe mafuta yake ziwe laini kama siagi, vijiko vitano vya mezani. Changanya na ukwaju, tia sukari au asali kwa kuonja, chumvi, pilipili manga, na mafuta ya alizeti nusu kikombe tu. Karanga ndiyo mshenga hapa, haradali haihitajiki. Kwenye kabichi na karoti sosi hii inashika kila uzi, haikimbilii chini ya bakuli.

Karanga chagua moja moja. Yenye ukungu, iliyosinyaa au yenye rangi ya kijani itupe, hiyo ina sumukuvu na kukaanga hakuiondoi. Na kwenye mfuniko wa bakuli andika KARANGA kwa herufi kubwa, kuna watu koo linaziba kwa karanga moja.

Mpishi wa Kigamboni

Shikamoo bibi. Nimenakili yote kwenye daftari. Hilo la chumvi nimeelewa sasa kwa nini yule mzee wa ghorofa ya tatu alikuwa analalamika peke yake, yeye ndiye ninayemfikia mwisho.

Bibi wa Pangani

Marahaba mwanangu. Mungu akupe nguvu.

Mfamasia wa Mtaani

Nirudi kwenye swali la pili, la jua na ngozi nyeusi.

Ni kweli ngozi nyeusi ina kinga yake. Hatuungui haraka kama wazungu na saratani ya ngozi itokanayo na jua kwetu ni adimu. Lakini jua linatupiga kwa njia nyingine, nayo ni alama. Chunusi ikipona, kidonda kikipona, ndimu ikichoma, mahali hapo panakuwa peusi, na jua ndilo linaloufanya weusi huo usitoke. Kwa hiyo losheni si ya watalii peke yao. Wewe kwa miezi hii unaihitaji kwenye mikono.

Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Jua linatupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena Oktoba. Hatuna majira ya kusema sasa jua limepoa. Kipimo rahisi ni kivuli chako: kikiwa kifupi kuliko wewe, jua ni kali, na kwetu hapa hiyo ni kuanzia kama saa tatu na nusu, saa nne asubuhi hadi kwenye saa tisa alasiri. Mawingu mepesi yasikudanganye, yanapunguza joto lakini mionzi mingi inapita. Na kwenye kivuko maji nayo yanarudisha mwanga kutoka chini, ingawa si mwingi sana.

Ukienda kununua, watu wengi wanaangalia namba ya SPF tu. Namba hiyo inapima kinga dhidi ya UVB, mionzi inayounguza. SPF 30 inazuia karibu asilimia 97 ya hiyo, 50 karibu 98, kwa hiyo usiuze kitanda kwa ajili ya 100. Lakini kilichokuumiza wewe ni UVA. Tafuta chupa yenye herufi UVA ndani ya duara, au herufi PA zikifuatwa na alama za kujumlisha (+), tatu na zaidi. Isipokuwa na chochote kuhusu UVA iache dukani. Zile zenye zinki zinaacha ukungu mweupe kwenye ngozi yetu. Zipo zenye rangi ya kahawia, rangi hiyo inatokana na oksidi ya chuma, na inasaidia kuzuia hata mwanga wa kawaida unaokoleza alama. Kwa mwenye madoa kama yako hiyo ndiyo ningechagua.

Kiasi: watu wanapaka tone, kisha wanasema haifanyi kazi. Uso na shingo ni mistari miwili, mmoja juu ya kidole cha shahada na mmoja juu ya kidole cha kati. Mkono mmoja kutoka bega hadi vidole, mistari miwili mingine. Paka dakika 15 hadi 20 kabla ya kutoka, rudia kila saa mbili, na mapema zaidi ukitoka jasho.

Mafuta ya nazi ni mazuri kwa ngozi kavu, si kinga ya jua. Na tafadhalini msichanganye zinki nyumbani kwa maelekezo ya video, haisambai sawasawa, unabaki na mashimo usiyoyaona.

Boda wa Tungi

Mimi niko barabarani saa 11 kwa siku. Losheni nilijaribu, jasho linaiondoa kabla sijafika Feri. Ninachotumia ni mikono ya kitambaa, ile unavaa kama soksi kutoka kiganjani hadi begani. Nina jozi mbili, moja naifua usiku. Mkono wa kulia, ambao mwanzo niliuacha wazi, ulikuwa mweusi kuliko wa kushoto kwa rangi mbili, sasa imeanza kulingana. Dada Mpishi, kwenye kivuko hiyo itakufaa kuliko chupa, na haigusi chakula.

Mfamasia wa Mtaani

Boda ameongea jambo la msingi na nilipaswa kuanza nalo. Nguo kwanza, losheni baadaye, ipake pale nguo isipofika. Kitambaa kilichosokotwa kikakaza, ukikiinua kwenye mwanga usione upande wa pili. Kitenge kizito ni bora kuliko fulana nyeupe nyembamba, hasa fulana hiyo ikilowa jasho, maana pamba nyeupe ikilowa inapitisha zaidi.

Na kwa kuwa unagusa saladi kwa mikono, usipake losheni kabla ya kuandaa. Andaa chakula chote kwanza kivulini, funga mabakuli, osha kwa sabuni hadi kiwiko, kausha, ndipo upake.

Mama wa Wawili

Nimekuwa nasoma tu, ila niseme kidogo. Mwanangu wa pili ana ualbino, yuko darasa la tatu. Kwake jua si suala la alama, ni suala la maisha, kwa hiyo nyumba yetu imejipanga kulizunguka.

Losheni yake haikai chumbani. Iko kwenye kigoda mlangoni, pamoja na viatu, kwa sababu kitu kilicho chumbani kinasahaulika na viatu havisahauliki. Anapaka akishamaliza chai, anavaa soksi, anavaa viatu, muda wa kutosha unakuwa umepita. Masikio na nyuma ya shingo nampaka mimi, akijipaka peke yake anaparuka. Kofia yake ni ya pama, ukingo umezunguka pande zote, maana kapelo inaacha masikio wazi. Sare yake niliishonesha mikono mirefu na mwalimu mkuu alikubali bila maneno. Darasani anakaa mbali na dirisha, lakini karibu na ubao kwa sababu ya macho. Kioo cha kawaida kinazuia UVB lakini UVA nyingi inapita, hilo sikulijua mpaka alipoanza kubabuka shavu moja tu.

Losheni tunayotumia ni Kilisun, inatengenezwa Moshi mahususi kwa watu wenye ualbino na tunaipata kliniki. Mzazi mwingine mwenye mtoto kama wangu akisoma hapa, aulize kliniki ya ngozi iliyo karibu naye au chama cha watu wenye ualbino kabla ya kutumia mshahara dukani.

Mpishi, mwanao atapona. Nimekumbuka siku niliyoulizwa maswali kuhusu ngozi ya mwanangu, najua jinsi moyo unavyoshuka.

Mpishi wa Kigamboni

Naleta mrejesho baada ya wiki tatu, maana mlinisaidia na si vizuri kunyamaza.

Daktari wa kliniki alimtazama mtoto, akasikiliza, akaandika. Mwalimu aliisoma ile karatasi palepale, akanishika mkono, kisha akaniuliza kama anaweza kuwasomea walimu wenzake. Mume wangu nilimsomea uzi huu wote, pamoja na ule ujumbe wa usiku. Alinyamaza muda mrefu, halafu akaenda kufunga turubai uwani, kutoka ukutani hadi kwenye mwembe. Sasa nafanya kazi chini yake.

Alama za mtoto zimebaki kama kivuli, ukitafuta ndipo unaziona. Zangu bado, ila ukingo umeanza kufifia na ule mstari umekatika katikati. Nimenunua mikono ya kitambaa kama ya Boda, na losheni yenye UVA ndani ya duara nimeiweka mlangoni juu ya viatu.

Sosi ya haradali imekubalika. Ya ukwaju imependwa zaidi, mpaka wameanza kuagiza chupa ndogo za kupeleka nyumbani. Ndimu nimebakiza 10 tu kwa siku, kwa ajili ya parachichi lisiwe jeusi. Nazikata vipande, nazikamua ndani kwa kikamulio, nimevaa glavu, na naosha kwa sabuni hadi kiwiko kabla sijafungua mlango wa uwani. Yule mteja aliyeacha kuagiza hajarudi.

Swali moja limebaki, Bibi. Ukwaju na karanga ukilala kwenye friji unakuwa mzito kama uji. Asubuhi niongeze maji au siki?

Bibi wa Pangani

Maji ya moto vijiko viwili au vitatu, ukoroge, uonje. Ukiona ukali umepungua ndipo udondoshe siki. Na usikoroge ikiwa bado ya baridi, iache kwanza itulie mezani robo saa, karanga zilegee.